Chumba kimoja, kikao cha wiki au modeli mtandaoni: timu ya sanifu na jenga ikae vipi?

Saa tatu usiku, ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi nje kidogo ya Mji wa Unguja. Fundi nondo amesimama juu ya mbao, tochi ya simu mkononi, na zege linamwagwa alfajiri. Ramani yake inamwonyesha boriti yenye kina cha sentimita 60. Ramani ya mafundi wa viyoyozi, iliyobandikwa kwa selotepu kwenye nguzo ya jirani, inaonyesha bomba la hewa likipita katikati ya boriti hiyo hiyo. Akanigeukia: "Injinia, hapa namfuata nani?"

Sikuwa na jibu. Msanifu alikuwa Dar es Salaam. Mhandisi wa miundo alikuwa nje ya nchi na simu yake haipatikani. Mtu wa viyoyozi alikuwa keshalala kwake Mwanakwerekwe. Mwakilishi wa mwenye jengo tungempata Jumatatu. Zege likaahirishwa, magari yakarudishwa, vibarua 20 wakalipwa siku yao bila kugusa koleo, na swali la bomba moja likachukua siku 4 kujibiwa. Watu hao wote, ukimtoa huyo mwakilishi, walikuwa chini ya mkataba mmoja wa sanifu na jenga, yaani usanifu na ujenzi kwa mkandarasi mmoja. Karatasini walikuwa kitu kimoja. Kazini kila mtu alibaki kwake.

Tangu usiku ule, nikiulizwa kuhusu mradi mkubwa wa aina hii, swali langu la kwanza ni hili: swali la fundi linasafiri umbali gani mpaka limfikie mwenye uwezo wa kulijibu, na jibu likirudi linaandikwa wapi? Makala haya ni kwa wanaojiandaa kujenga ofisi kubwa Unguja au Pemba kwa njia hiyo, wakawa wanabishana timu ikae vipi. Nalinganisha mipango 3 niliyoifanyia kazi: kila mtu ofisini kwake na kikao cha wiki, timu nzima chumba kimoja saiti, na kazi ya pamoja juu ya modeli ya jengo mtandaoni.

Kwanza, mkataba wenyewe

Katika njia ya kawaida mwenye jengo humwajiri msanifu, ramani zikamalizika, zabuni ikatangazwa, kisha ndipo mkandarasi anaingia. Katika sanifu na jenga mwenye jengo huandika mahitaji yake, na mkandarasi mmoja hubeba usanifu pamoja na ujenzi. FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, lina Kitabu Chekundu kwa njia ya kwanza na Kitabu cha Manjano kwa ya pili. Vyote viwili vilitolewa kwa sura tunayoijua mwaka 1999 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2017. Kitabu cha Manjano kinamtaka mkandarasi akabidhi jengo linalofaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Visingizio vya kwamba ramani ilikuwa ya mtu mwingine vinakufa hapo.

Faida inayowavuta watu wengi ni muda: msingi unachimbwa wakati ghorofa za juu zingali zinachorwa. Hatari nayo imo humo humo, maana ramani na zege vinakimbizana, na siku zege litakapotangulia ndipo fundi nondo atakaposimama na tochi.

Vigezo ninavyovitumia

Cha kwanza ni hayo masafa ya swali, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote. Cha pili ni kumbukumbu: miezi 8 baadaye, mtu akidai pesa ya ziada, utaweza kuonyesha nani aliamua nini na lini? Cha tatu ni gharama ya kuuendesha mpango wenyewe. Cha nne ni mazingira yetu ya visiwani, yaani umeme, mtandao, boti, masika, Ijumaa na Ramadhani. Cha tano ni sauti ya fundi, kwa sababu kasoro nyingi huonwa kwanza na mtu mwenye mwiko au koleo la nondo mkononi. Cha sita ni nafasi ya mwenye jengo. Katika sanifu na jenga akijisogeza karibu mno anaweza kujikuta amebeba lawama za usanifu alizomlipa mwingine abebe, na akikaa mbali mno atakabidhiwa jengo asilolitaka.

Mpango wa kwanza: kila mtu ofisini kwake, kikao cha wiki

Huu ndio tuliouzoea. Wasanifu wako kwao, wahandisi kwao, na siku moja katika wiki wote wanakutana saiti, wanatembea jengo, wanakaa mezani, muhtasari unaandikwa.

Masafa ya swali. Ni marefu. Swali linalozaliwa Jumatano mchana, saa moja baada ya kikao kufungwa, lina wiki nzima ya kungoja. Kikaoni nako mara nyingi hupewa jibu la "nitaliangalia", likaahirishwa wiki nyingine. Tena kuna muda wa mwenye jengo kupitia ramani: Kitabu cha Manjano kinampa hadi siku 21 kwa kila nyaraka inayohitaji kupitiwa, isipokuwa mahitaji yake yameandika muda mwingine. Timu ambayo kila mmoja yuko kwake huzitumia siku hizo zote, kwa sababu hakuna anayemgonga mwenzake bega.

Kuna dawa, nayo ni ya karatasi tu. Wamarekani Glenn Ballard na Greg Howell waliijenga katika miaka ya 1990 chini ya jina Last Planner. Ukutani panawekwa tarehe ya mwisho, mathalani siku ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, la ghorofa ya nne, kisha watu wanarudi nyuma. Ili zege limwagwe Alhamisi, fundi umeme awe ameshalaza mabomba yake Jumatano asubuhi. Ili alaze Jumatano, nondo za chini ziwe zimefungwa Jumatatu. Ili zifungwe Jumatatu, ramani ya matundu iwe imetoka Ijumaa iliyotangulia. Kila foromani anaandika ahadi yake kwa mkono wake kwenye karatasi ya rangi yake na kuibandika mwenyewe. Wiki ikiisha zinahesabiwa ahadi zilizotimia, na kila isiyotimia inaulizwa sababu. Nilimwona foromani wa mabomba, mtu mzima asiyependa vikao, akiibandua karatasi yake na kusema, "Hii siwezi kuiahidi, ramani ya vyoo sijaiona." Msanifu alikuwa palepale, na ramani ikatoka kesho yake.

Kumbukumbu. Ni nzuri ikiwa muhtasari unaandikwa na kusainiwa siku ile ile. Muhtasari unaotoka baada ya siku 10 hauna msaada kwa mtu yeyote.

Gharama. Hakuna mpango rahisi kuliko huu. Unalipa nauli, chai na karatasi.

Visiwani. Hauhitaji umeme wala mtandao. Mshauri wa Dar es Salaam anapanda boti ya asubuhi na kurudi jioni, ila katikati ya mwaka kusi ikivuma bahari huchafuka na safari huvurugika, kwa hiyo mikutano ya Juni hadi Agosti ipangwe ikiwa na siku ya akiba. Kikao kisiwekwe Ijumaa adhuhuri. Ramadhani kiwe asubuhi mapema na kiwe kifupi.

Sauti ya fundi. Ukiwa na ukuta wa karatasi, maforomani wanasema. Bila huo ukuta wanaosema ni wenye tai.

Mwenye jengo. Yuko mbali kwa kiasi kizuri. Anauliza kikaoni, anaandika barua, mipaka haichanganyiki.

Unamfaa anayejenga jengo lisilo na maajabu: ghorofa 2 au 3, vyumba vinavyojirudia, timu yote iko Unguja, na ramani za msingi zimeshakaa sawa kabla ya kuchimba.

Mpango wa pili: timu nzima chumba kimoja

Hapa msanifu, mhandisi wa miundo, wa umeme, wa mabomba, mkadiriaji majenzi (mtu wa hesabu za gharama) na msimamizi wa ujenzi wanahama ofisi zao na kukaa pamoja saiti au jirani nayo, siku 3 au 4 kwa wiki katika kipindi kizito.

Wazo si geni. Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani, lilianza kujengwa tarehe 11 Septemba 1941 na likakamilika tarehe 15 Januari 1943, miezi 16 tu kwa mojawapo ya majengo makubwa kabisa ya ofisi duniani. Usanifu na ujenzi ulikwenda pamoja, na wachoraji kwa mamia walikaa katika hangari ya ndege karibu na eneo la kazi, wakichora huku zege likimwagwa. Sisi hatuna vita vya kutukimbiza, lakini somo la ile hangari ni lile lile: ramani ikikimbizana na zege, mchoraji na mmwagaji wakae pamoja.

Masafa ya swali. Dakika. Baada ya ule usiku wa boriti, mkandarasi wetu aliweka kontena 2 zilizounganishwa, meza moja ndefu ya mbao za zege, na ramani kubwa ukutani. Wiki ya tatu lilizuka suala la ngazi ya dharura: kipimo cha msanifu na cha mhandisi vilipishana sentimita 12, na ukipanda ungegonga kichwa. Fundi alileta futi kamba, akaiweka mezani, watu 4 wakainama juu ya karatasi moja, na kabla chai haijapoa jibu likapatikana. Kwa utaratibu wetu wa zamani, swali lile lingevuka bahari mara mbili.

Kumbukumbu. Hapa ndipo chumba kimoja huumiza watu. Maamuzi yanapita kwa mdomo, yanachorwa pembeni mwa karatasi ya biskuti, na kila mtu anaondoka akikumbuka lake. FIDIC inataka anayedai pesa au muda wa ziada atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio, la sivyo haki yake inapotea. Siku 28 chumbani hupita kama siku mbili. Kwa hiyo weka daftari kubwa la maamuzi, lenye kurasa zilizopigwa namba, na mtu mmoja wa kuliandika. Kila uamuzi uandikwe tarehe, namba ya ramani, nani aliuliza, nani aliamua, na saini mbili. Sisi tulichelewa kulianzisha, na miezi ile ya mwanzo isiyoandikwa ndiyo iliyotuletea mabishano mwishoni.

Gharama. Ni kubwa, na isifichwe kwenye makadirio. Kuna kontena, viyoyozi, jenereta, malazi ya washauri wanaotoka bara, nauli za boti. Kubwa zaidi ni saa za wataalamu: mhandisi mzuri ana miradi 3, na ofisi yake haitaki kumkopesha. Zabuni isipotaja kwa majina nani atakaa chumbani na kwa siku ngapi, utaletewa kijana wa mafunzo ambaye hana mamlaka ya kuamua, na hapo kontena limekuwa banda la kunywea chai.

Visiwani. Mpango huu hung'aa pale ardhi isipojulikana. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina mapango, kama wajuavyo wanaochota maji ndani yake. Ukichimba nguzo ya msingi ukakuta utupu mita 2 chini ya jiwe lililoonekana zima, unamhitaji mhandisi hapo hapo, na mkadiriaji hapo hapo, kabla mvua haijajaza shimo. Masika, Machi hadi Mei, haingoji barua. Mchanga nao ni haba kisiwani na uchimbaji wake unadhibitiwa, kwa hiyo ikija zamu ya kuupata, uamuzi wa wapi utumike kwanza lazima utoke siku ile ile.

Sauti ya fundi. Inategemea mlango. Sisi tuliondoa mlango kabisa mchana. Siku moja aliingia fundi mwashi mzee, kandambili zimejaa saruji, akatazama mchoro wa upande unaoelekea kusini. Akasema, "Wanangu, dirisha hili likikaa usoni mwa ukuta namna hii, mvua ya masika itaingia ilale ofisini na nyinyi." Msanifu, kijana wa kike aliyesoma mbali, alinyanyuka akamvutia kiti. "Shikamoo babu, hebu nionyeshe." Dirisha lilirudishwa ndani sentimita 20 na juu yake pakatolewa kibaraza chembamba. Mzee yule asingeandika barua pepe maisha yake yote. Nikikumbuka miradi niliyoipitia, hiyo ndiyo dakika ninayoithamini kuliko zote.

Mwenye jengo. Angalia sana. Mwakilishi wake akikaa chumbani, neno lake dogo la "wekeni hivi" hugeuka amri, na amri hugeuka dai la malipo ya ziada. Kanuni iliyotufaa: chumbani anauliza na kutoa maoni. Maelekezo ni kwa maandishi tu, kwa namba, kupitia njia iliyotajwa na mkataba.

Unamfaa mwenye mradi mkubwa na muda mfupi, ardhi yenye mashaka, au jengo lililojaa mitambo, na ambaye yuko tayari kulipia siku za wataalamu kwa bei yake halisi.

Mpango wa tatu: modeli ya jengo mtandaoni

Kila taaluma inachora jengo kwa vipimo 3 kwenye programu, michoro inakutanishwa mahali pamoja mtandaoni, na programu inaonyesha bomba linapogongana na boriti. Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, kilichoanza kutolewa mwaka 2018, kinaeleza jinsi taarifa hizo zinavyotunzwa: kazi inayoendelea ikae peke yake, kisha ishirikishwe wenzako, kisha itolewe rasmi kutumika, na ya zamani iwekwe kumbukumbu. Kwa lugha ya saiti, fundi asiguse ramani ambayo haijapigwa muhuri wa kutolewa.

Masafa ya swali. Hapa kuna jambo la pekee: swali hujibiwa kabla fundi hajalifikia. Mgongano wa boriti yetu ungeonekana kwenye skrini miezi kabla ya nondo kuingia bandarini Malindi. Lakini swali linalozaliwa saiti, kama lile pango ndani ya jiwe, modeli hailijui, na itangoja mtu aliingize.

Kumbukumbu. Haina mpinzani. Nani alibadilisha, lini, toleo la ngapi, nani aliidhinisha, vyote vimo. Ile hadithi ya fundi wa viyoyozi kutumia toleo la zamani lililobandikwa nguzoni hufa, ilimradi nguzoni pasibandikwe tena kitu kisicho na tarehe.

Gharama. Leseni hulipwa kwa dola na kila mwaka, kompyuta ziwe na nguvu, na anahitajika mratibu wa modeli ambaye hana kazi nyingine. Wanaoijua kazi hiyo ni wachache na mishahara yao si midogo. Ukimpa kazi hii msanifu mwenye majukumu mengine 5, modeli itakuwa nyuma ya jengo kila wiki, na modeli iliyo nyuma ya jengo inadanganya.

Visiwani. Umeme wa Unguja huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na wengi wetu tunaikumbuka miezi 3 ya giza kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 ulipoharibika. Waya mpya wa megawati 100 uliwashwa mwaka 2013, na Pemba imeunganishwa na Tanga tangu mwaka 2010, kwa hiyo hali si ile. Bado saiti yenyewe hutegemea jenereta na mtandao wa simu, na mtandao huzidiwa pale unapouhitaji. Nakala ya modeli ikae kwenye kompyuta ya saiti, na ramani zinazotumika leo zichapishwe asubuhi. Vishikwambi navyo: vumbi la saruji na hewa ya chumvi huviua haraka, vivalishwe mifuko yake.

Sauti ya fundi. Hapa mpango huu ni dhaifu kuliko yote, nami nalisema kwa uchungu. Programu zinaongea Kiingereza, maoni yanaandikwa kwa Kiingereza, na fundi mkubwa anayesoma ramani ya karatasi kama msahafu hafungui hata ukurasa. Anaonekana hajui, kumbe hakuulizwa kwa lugha yake. Dawa ni mtu wa kati, foromani kijana anayezunguka jengo na kishikwambi kila asubuhi, anawaonyesha mafundi kipande cha siku hiyo, anauliza kwa Kiswahili, na kuyaingiza majibu yao kwa majina yao.

Mwenye jengo. Anaona kila kitu bila kukanyaga chumbani, na siku ya makabidhiano anapewa modeli inayomwambia kila vali na kila swichi iko wapi. Anayeendesha jengo lake mwenyewe kwa miaka 30 atafaidi hili kuliko anayelijenga ili aliuze.

Unamfaa mwenye timu iliyotawanyika nchi na miji, jengo lenye mitambo mingi ndani ya dari, na fedha za kuanza mapema kabla ya kuchimba.

Na WhatsApp je?

Usijidanganye kwamba hutaitumia. Katika kila mradi niliouona, grupu la WhatsApp ndilo linalopeleka picha ya tatizo kwa haraka kuliko chochote. Litumieni kuuliza. Maamuzi yasikae humo, maana picha zinafutwa, simu zinaibiwa, na mtu akitoka kazini anaondoka na kumbukumbu mfukoni. Kila jibu la WhatsApp lenye kugusa ramani au pesa lihamishwe siku hiyo hiyo kwenye daftari au kwenye mfumo.

Kuna pia ambayo hakuna mpango utakaoyaponya. Mahitaji ya mwenye jengo yaliyoandikwa kurasa 4 za maneno matamu yatazaa mabishano chumbani, kikaoni na mtandaoni sawasawa. Malipo yakichelewa miezi, wataalamu wataacha kuja popote ulipowaalika.

Ukiwa katika hali hii, elekea huku

Jengo ni la kawaida, bajeti inabana, na washauri wote wanaishi kati ya Mji na Fuoni: chukua kikao cha wiki pamoja na ukuta wa ahadi. Pesa ambayo ungeilipia leseni, mlipe mtu wa kuandika muhtasari siku ile ile.

Jengo ni kubwa, unataka kuchimba kabla ramani hazijaisha, na masika yako mbele: chumba kimoja, walau kuanzia msingi hadi jamvi la ghorofa ya pili. Baada ya hapo jengo likianza kujirudia, rudini kwenye kikao cha wiki, muwaachie wataalamu nafasi ya kufanya kazi zao nyingine. Nimeona timu zikilipia chumba mwaka mzima kwa sababu ya mazoea tu.

Msanifu yuko Nairobi, mhandisi Dar es Salaam, mitambo inatoka ng'ambo: modeli mtandaoni kuanzia siku ya kwanza, pamoja na chumba cha siku 3 kila mwezi ambapo wote wanavuka kuja. Siku hizo 3 zipangwe kabla ya kila jamvi kubwa.

Uko ndani ya Mji Mkongwe au umepakana nao: ongeza kiti mezani. Mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya sura ya jengo yanapitia mamlaka ya uhifadhi. Mpango wowote uutakao uwe na mtu mmoja anayefuatilia kibali hicho tu, na tarehe zake ziwe ukutani pamoja na za zege.

Mwenye jengo ni taasisi ya umma: sheria ya ununuzi na utaratibu wa idhini zitaamua mengi kabla yako. Chagua mpango wenye kumbukumbu imara, yaani kikao chenye muhtasari au modeli. Ukitaka chumba kimoja, daftari la maamuzi liandikwe kwenye mkataba wenyewe.

Na ukiwa Pemba, mathalani unajenga ofisi Chake Chake, hesabu ni nyingine. Saruji na nondo zinavuka bahari, washauri wanavuka bahari, na kosa la kipimo linaweza kukugharimu safari ya meli nzima. Milima ya Pemba na udongo wake mzito wakati wa mvua havikupi saiti tambarare ya kuweka kontena popote. Panga nyumba mjini, karibu na saiti, iwe ofisi na malazi pamoja. Mhandisi wa miundo na msimamizi wa ujenzi wakae hapo mfululizo mpaka msingi ufunikwe, wengine waje kwa zamu, na ramani zote zichapishwe Unguja nakala mbili kabla hazijapanda meli kwenda Mkoani.